Mstari wa Kalamu kwenye Mkono wa Luan

Nyumba ya Bi Bay haikujua kimya. Asubuhi na mapema mlio wa nazi ulianza uani: kwaa, kwaa, kwaa. Huyo alikuwa Luan, mwanawe wa pekee wa kiume, anafua nazi. Kifuo chake kilikuwa chuma kilichonolewa, kimesimikwa ardhini, ncha juu. Luan aliipigiza nazi kwenye ncha, akaikandamiza, akaizungusha. Kumbi likachanika. Mara tatu tu, nazi imebaki upara. Kwa siku alifua nazi elfu moja, na boti za wanunuzi zilikuja hadi mferejini mbele ya nyumba kuzipakia.

Bi Bay alikaa kizingitini akichambua mboga. Kila aliyepita alisalimiwa, na kila aliyesalimiwa aliacha habari. Jirani yake, Bi Muoi, hakusubiri kupita. Yeye alizungumza kutoka upande wa pili wa ua.

Jumatatu ile mvua ilikuwa imenyesha. Nazi zote zilikuwa zimelowa.

"Shoga, umesikia?" Bi Muoi aliita. "Binti wa fundi pikipiki kakataa posa ya tatu! Anasema eti mwanamume ananuka samaki."

"Mwambie aje aninuse mimi," Luan alisema bila kusimamisha kazi. "Mimi nanuka makumbi tu."

Dao, mkewe, alikuwa anaosha vyombo. Alichota maji kwa mkono akamrushia. "Thubutu! Utanuka hospitali!"

Wote walicheka. Luan naye alicheka, akageuza uso kumtazama mkewe. Nazi iliteleza. Mkono wake wa kulia ukashuka na uzito wote wa mwili wake.

Ncha ya kifuo iliingia kwenye kiganja, chini ya kidole gumba.

Kicheko kilikatika. Luan aliuchomoa mkono, akaushika kwa mkono wa pili, akautazama tu. Damu ilipita katikati ya vidole, ikadondoka juu ya makumbi.

"Kitambaa!" Dao alipiga kelele. "Maji!"

"Usiguse!" Bi Bay alishainuka. "Maji yanaozesha kidonda. Niachieni mimi."

Alikimbilia ndani, kwenye meza ya marehemu mumewe. Pale, chini ya picha, kulikuwa na kikopo cha tumbaku aliyoipenda mzee alipokuwa hai. Alichukua fungu, akalisokomeza kwenye tundu la kidonda, akakandamiza. Luan aliuma meno. Baada ya muda damu ilipungua.

"Mmeona?" alisema Bi Bay.

Kisha akaleta kopo lake la biskuti. Ndani hamkuwa na biskuti hata moja. Mlikuwa na dawa: vidonge vilivyobaki vya mwaka huu, vya mwaka juzi, vya watu waliopona na vya watu waliokufa. Alichagua kapsuli tatu za rangi mbili. Alizifungua moja moja, akamwaga unga wake juu ya kidonda mpaka kikawa cheupe.

Dao alisimama karibu yake. "Mama, kituo cha afya ni dakika kumi. Nhien yupo leo. Si tumpeleke?"

"Nhien!" Bi Bay alilitamka jina hilo utadhani kang'ata pilipili.

Nhien alikuwa muuguzi wa kituo. Mwaka uliopita, kwenye mkutano wa kina mama, aliomba kuliona kopo la Bi Bay. Bi Bay alimpa kwa fahari. Nhien akalimwaga mezani mbele ya watu wote. "Hii imeharibika," alisema. "Hii pia. Na hii, Mama, ni dawa ya nguruwe." Ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Tangu siku hiyo Bi Bay alizunguka njia ndefu ili asipite mbele ya kituo.

"Nimelea watoto kabla yeye hajazaliwa," alisema. "Unga umekauka. Kikikauka, kimepona. Na kuanzia leo sikilizeni: kuku hapana, anawasha kidonda. Mayai hapana. Wali wa kunata hapana, unaleta usaha. Mboga ya mferejini hapana kabisa, kovu litavimba kama kidole. Samaki hapana."

"Sasa nile nini, mama?" Luan aliuliza. "Hewa?"

"Uji. Na chumvi kidogo."

Hakuna aliyebishana. Alhamisi ilikuwa siku ya kumkumbuka baba yake Luan. Miaka saba tangu afariki. Jamaa wangetoka vijiji vyote vya ng'ambo, na Luan, mtoto pekee wa kiume, ndiye angeshika ubani mbele ya picha kumkaribisha marehemu chakula. Bi Bay alikuwa na mambo mengi kichwani kuliko tundu dogo la kiganjani.

Jumanne kidonda kilikuwa kimefunikwa na gamba gumu, la rangi ya udongo. Bi Bay alimwonyesha kila mgeni. "Siku moja tu! Angalieni!"

Bi Muoi alileta chupa ya dawa inayotoa povu, akatia matone pembeni ya gamba. Povu lilichemka. "Hiyo ndiyo sumu inatoka," alisema.

Lakini Luan hakucheka tena. "Mama, ndani kunapwita," alisema. "Kama kuna moyo wa pili humo."

"Ni nyama inajishona."

Jumatano mkono ulikuwa umevimba. Ngozi ilikuwa imekaza na inang'aa, nyekundu hadi kwenye kifundo. Dao alimwomba mumewe akunje ngumi. Luan alijaribu. Vidole viliinama kidogo, vikasimama. Jasho lilimtoka usoni.

"Vinagoma," alisema taratibu.

Dao alivaa kofia yake ya ukindu. Akasema anakwenda kununua mchele wa kunata wa shughuli. Alirudi bila mchele. Alirudi na Nhien.

"Shikamoo, Mama," Nhien alisema mlangoni.

"Marahaba," Bi Bay alijibu, macho kwenye mboga.

Nhien alinawa mikono kwa sabuni, taratibu, hadi kwenye viwiko. Alikaa mbele ya Luan. Alilowesha gamba kwa maji safi ya chumvi, akangoja, akalowesha tena. Hakulibandua kwa nguvu. Lilipolainika, lilinyanyuka lenyewe upande mmoja.

Usaha ukatoka, mzito, wa manjano. Harufu ilijaa chumbani. Bi Muoi, aliyekuwa dirishani, aliziba pua.

"Juu pamekauka, lakini chini hakijapona," Nhien alisema. "Unga na damu vimeganda vikawa kifuniko. Uchafu umefungiwa ndani, na vijidudu vimepata nyumba yenye paa."

Alichukua kibano, akavuta kitu kidogo cheusi. Jani la tumbaku. Akavuta kingine, kirefu, cha kahawia. Uzi wa kumbi la nazi, wenye urefu wa ukucha.

Bi Bay alihisi uso wake unawaka. "Tumbaku ilisimamisha damu," alisema.

"Kilichosimamisha damu ni mkono wako, Mama. Ulikandamiza. Kitambaa safi kingetosha, dakika kumi, bila kuchungulia. Kisha maji safi mengi na sabuni kuzunguka kidonda. Kisha kuja kituoni siku ileile, kwa sababu tundu la namna hii ni dogo juu lakini limekwenda mbali chini."

Bi Bay alingoja kusikia neno nguruwe. Halikuja.

Nhien alimdunga Luan sindano ya kuzuia pepopunda. Akampa vidonge vya kumeza, akaandika saa za kumeza. Akafunga kidonda kwa shashi safi, bila kukaza, akauning'iniza ule mkono kwa kitambaa ili uwe juu ya moyo. Kisha akasema, "Ningetaka aende hospitali ya wilaya leo hii. Ndani ya kiganja kuna kano zinazovuta vidole. Usaha ukishuka huko, vidole vinaweza kukakamaa. Mfua nazi asiye na vidole atafanya kazi gani?"

"Kesho ni siku ya baba yake!" Bi Bay alisema. "Watu arobaini wanakuja. Nani atawasha ubani? Mimi?"

Luan alitazama picha ya baba yake, akamtazama mama yake. "Dada Nhien, ngoja kesho ipite. Keshokutwa alfajiri nitakwenda."

"Kidonda hakijui kalenda," Nhien alisema.

Lakini aliona hawabadiliki. Akatoa kalamu ya wino wa buluu mfukoni. Akachora mstari kuzunguka wekundu wote, juu kidogo ya kifundo cha mkono, kama anachora mpaka wa shamba.

"Mama, huu hauhitaji kujua kusoma," alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole. "Angalia asubuhi, mchana na jioni. Wekundu ukibaki ndani ya mstari au ukirudi nyuma, dawa inafanya kazi. Wekundu ukivuka mstari, au mkiona mstari mwekundu unapanda mkononi, au akitetemeka kwa baridi, msingoje hata chai iive. Nendeni."

Alhamisi nyumba ilijaa kabla ya saa mbili. Wanawake walikaa jikoni wakikwangua nazi, wengine wanakatakata, wote wanazungumza kwa pamoja. Watoto walikimbizana kati ya masufuria. Siku nyingine Bi Bay angekuwa ameota mabawa kwa furaha. Siku hiyo alitembea kutoka jikoni hadi kwa Luan, kutoka kwa Luan hadi jikoni.

Saa moja asubuhi alikuwa ameangalia mstari. Wekundu ulikuwa umeugusa.

Umeugusa tu, alijiambia. Haujauvuka. Nhien alisema ukivuka.

Aliteremsha mkono wa shati la Luan mpaka chini, akaufunga kifungo. Hakumwambia Dao. Hakumwambia mtu.

"Mbona umemvalisha shati refu na joto hili?" Bi Muoi aliuliza.

"Ni siku ya baba yake. Avae nusu uchi?"

Saa nne aliingia tena chumbani. Luan alikuwa amelala ubavu, amejifunika blanketi. Nje watu walikuwa wanajipepea kwa kofia.

"Baridi, mama," alisema. Meno yake yaligongana.

Bi Bay alishika kifungo cha shati. Hakukifungua. Kutoka sebuleni sauti ya baba mkubwa, kaka wa marehemu, iliita: "Chakula kiko mezani! Luan yuko wapi? Ndugu yangu anangoja!"

"Inuka, mwanangu. Dakika mbili tu. Halafu utalala."

Luan aliinuka. Watu walimpisha. Mbele ya picha kulikuwa na kuku mzima, wali wa kunata, mchuzi wa samaki, mboga za kila aina. Baba mkubwa alimpa vijiti vitatu vya ubani vinavyowaka. Vilitakiwa kushikwa kwa mikono miwili, mbele ya paji la uso.

Mkono wa kushoto ulishika. Wa kulia ulipanda, vidole vimetanuka, vimevimba. Luan alivitazama vidole vyake kama si vyake. Alijaribu kuvikunja. Vijiti vilidondoka. Kimoja kilianguka kwenye wali, viwili sakafuni.

Mtoto mmoja akauliza, "Kwani mkono wake umekufa?"

Bi Bay alikinyofoa kile kifungo. Akapandisha mkono wa shati.

Wekundu ulikuwa umeuvuka mstari wa buluu kwa upana wa vidole viwili. Na kutoka hapo, mstari mwembamba, mwekundu, ulipanda ndani ya mkono, ukapita kiwiko.

"Dao!" aliita. "Leta pikipiki!"

"Subiri, shemeji," baba mkubwa alisema. "Ibada haijaisha. Marehemu bado yuko mezani. Nusu saa tu. Mkono si umefungwa dawa?"

Bi Bay alikuwa hajawahi kumjibu shemeji yake mbele ya watu. Aligeuka kwanza kwenye picha.

"Baba Luan, utanisamehe. Chakula kitapoa." Kisha akawageukia wageni. "Na nyinyi mnisikie. Asubuhi niliuona mstari nikanyamaza. Niliona aibu kuwarudisha watu. Mnataka nimwone mwanangu naye anawekwa kwenye picha ndiyo niache aibu?"

Dao alishawasha pikipiki. Luan alikaa katikati, kichwa kimelala kwenye mgongo wa mkewe. Bi Bay alipanda nyuma, akamshika kiunoni, viatu vya ndani mguuni. Bi Muoi alitoa simu. "Nampigia Nhien! Awaambie hospitali wajiandae!"

Hospitali ilikuwa ng'ambo ya mto. Kwenye kivuko kulikuwa na foleni ya malori ya nazi na pikipiki zaidi ya hamsini. Mlango wa kivuko ulikuwa unaanza kupandishwa.

Luan alitetemeka mikononi mwa mama yake. Mwili wake ulikuwa moto kama jiko.

"We baba!" Bi Bay alimpigia kelele mfanyakazi wa kivuko. "Teremsha huo mlango! Nina mgonjwa! Wewe mwenye magunia, sogea! Na wewe kijana, simu utaichezea ng'ambo! Pisheni!"

Mdomo wa Bi Bay ulikuwa umebeba habari za watu miaka arobaini. Siku hiyo ulifungua njia. Malori yalisogea. Mlango uliteremshwa tena. Pikipiki ilipita katikati ya magunia na kuingia.

Kuvuka kulichukua dakika kumi na tano. Dao hakugeuka nyuma hata mara moja. Aliuliza tu, kila baada ya muda mfupi, "Anaongea?" Na Bi Bay alimfinya Luan sikio ili aongee.

"Mama, unaniumiza," Luan alisema.

"Anaongea," Bi Bay alisema.

Daktari alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani. Aliukandamiza mkono mara moja, akauliza swali moja: "Tangu lini?" Kisha Luan akaingizwa ndani na mlango ukafungwa.

Bi Bay alikaa kwenye benchi. Dao alikaa mbali kidogo naye, mikono mapajani. Hakumlaumu. Hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Nhien alifika baada ya saa moja, nguo zimejaa vumbi. Alikaa katikati yao.

"Sema," Bi Bay alimwambia. "Mimi ndiye niliyefanya. Nitukane."

"Nilikutukana mwaka jana, Mama. Mbele ya watu. Ndiyo maana siku ya Jumatatu hukuja kwangu." Nhien aliitazama sakafu. "Kwa hiyo na mimi nimo."

Kisha Bi Bay akauliza, "Mimi nilidhani kukauka ndiko kupona. Kumbe kidonda kinaponaje?"

"Mwili wenyewe ndio unaoponya," Nhien alisema. "Sisi tunauondolea vizuizi tu. Mtu akikatika, kwanza damu inaganda na kuziba. Halafu mahali panavimba kidogo, panakuwa moto, siku mbili tatu. Hiyo si mbaya. Ni mwili umetuma askari wake kufagia. Lakini wakikuta uzi wa kumbi, tumbaku, unga, hawamalizi kufagia. Wanakufa huko, na usaha ni maiti zao na za vijidudu. Kazi ikiwashinda, ugonjwa unapanda juu. Ule mstari mwekundu."

"Na unga wa kapsuli? Si ni dawa?"

"Ni dawa ya kumezwa, kwa kipimo, kwa ugonjwa wake. Ukiimwaga juu inaganda, haifiki chini. Na lile povu la Bi Muoi linaua vijidudu vichache na nyama mpya nyingi."

Mlango ulifunguliwa. Daktari alikuwa ameshika kibakuli cha chuma. Ndani yake mlikuwa na nyuzi nne za makumbi, zimelala kwenye usaha.

"Tumeufungua mkono, tumeosha mpaka chini," alisema. "Anapata dawa kwa mshipa. Mngekuja kesho, tungekuwa tunazungumzia kukata."

"Mkono utafumba?" Dao aliuliza. Lilikuwa swali lake la kwanza tangu wafike hospitali. "Ataweza kushika?"

"Mkono upo. Kufumba, bado sijui. Kano moja imeguswa na usaha. Tutajua baada ya wiki kadhaa."

Luan alilala hospitali siku tisa. Homa ilishuka siku ya tatu. Mstari mwekundu ulififia, kisha ukapotea. Wekundu ulirudi nyuma ya wino wa Nhien, na wino wenyewe ukaanza kufutika. Lakini vidole vilibaki vimesimama.

Siku ya nne Bi Bay alileta uji wa chumvi. Daktari aliufunika. "Mama, mwanao anajenga nyama mpya. Fundi atajenga ukuta kwa maji matupu? Mletee mayai. Samaki. Kuku. Maharage. Na matunda na mboga za majani."

"Hata mboga ya mferejini?"

"Hasa hiyo. Ni ya bei ndogo na ina nguvu."

Kesho yake Bi Bay alileta kuku wa kuchemsha. Bi Muoi, aliyekuja kumtazama mgonjwa, aliruka. "Shoga, umechanganyikiwa? Kuku na kidonda kiko wazi! Na hilo kovu litavimba!"

"Kaa chini," Bi Bay alisema. "Kovu linavimba kwa sababu ya ngozi ya mtu, au kidonda kimechelewa kupona. Halivimbi kwa mboga. Luan, fungua mdomo."

"Nani kakwambia?"

"Muuguzi wangu."

Luan karibu apaliwe. "Tangu lini amekuwa wako?"

Walirudi nyumbani. Kila siku Nhien alikuja kubadilisha shashi, na kila siku Bi Bay alisimama nyuma yake akitazama. Kidonda kilikuwa wazi, hakikushonwa.

"Mbona wasikishone kikafungika haraka?" aliuliza.

"Kingefungika juu. Chini je? Tungefungia uchafu mara ya pili. Hiki kinapona kutoka chini kuja juu."

Siku ya kumi na mbili Bi Bay aliona ndani ya tundu pamejaa vinundu vyekundu, vyenye kung'aa. Shashi ilipovigusa, vilitoa tone la damu. Alishika mlango. "Kimeharibika tena! Nyama mbichi!"

Nhien alicheka, mara ya kwanza. "Hiyo ndiyo tunayoitaka, Mama. Nyama mpya, yenye damu nyingi. Ikiwa ya kijivu, ikinuka, ikitoa usaha, hapo uniite. Ikiwa hivi, piga vigelegele. Ikifika juu, ngozi itatambaa kutoka pembeni na kuifunika."

Bi Bay alijifunza. Aliosha mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko. Alilowesha shashi kabla ya kuiondoa, ili isichune kile kilichoota. Wiki ya tatu alikuwa anafanya mwenyewe, Nhien anatazama.

Kilichobaki ni vidole. Asubuhi na jioni, Luan alishika kitambaa kilichokunjwa na kujaribu kukiminya. Mara ya kwanza vidole havikukigusa. Luan alikitupa chini. "Nitakuwa wa kuhesabu nazi za wenzangu," alisema. Uani kifuo kilikuwa kimesimama peke yake na kutu imeanza kukishika.

Dao alikiokota kile kitambaa. "Tena," alisema.

"Inauma."

"Najua. Tena."

Wiki ya nne kidole cha shahada kiligusa kitambaa. Wiki ya tano, cha kati. Kidole kidogo kilibaki kimesimama kama mgeni aliyekataa kukaa.

Kopo la biskuti Bi Bay alilipeleka kituoni mwenyewe, kwa njia fupi. Alilimwaga mezani mwa Nhien. "Chukua. Na ile ya nguruwe imo bado," alisema. Kopo tupu alirudi nalo, na sasa ndani yake mlikuwa na sabuni, shashi na bendeji, na kalamu ya wino wa buluu. Na Bi Muoi alipojikata na kisu cha nazi, hakupata hata muda wa kulia. Bi Bay alishamburuta mpaka kwenye bomba. "Kandamiza! Dakika kumi! Na usichungulie!" Kisha akampandisha pikipiki kwenda kituoni, Bi Muoi analalamika njia nzima kwamba anaamrishwa kama askari.

Wiki ya saba ngozi ilikuwa imefunga. Palibaki kovu la waridi, la umbo la jani. Nhien alisema litabadilika rangi na kulainika kwa miezi mingi, maana chini yake kazi ilikuwa bado haijaisha. Luan alirudi kwenye kifuo, na glavu nene, akifuta kila nazi iliyolowa kabla ya kuipigiza. Siku ya kwanza alifua thelathini tu. Kwaa. Halafu kimya. Halafu kwaa.

Jumapili ya wiki hiyo Bi Bay aliwaita wote tena, ibada iliyokatika imaliziwe. Watu arobaini walikuja, wakaongezeka wakafika hamsini. Baba mkubwa alikuja wa kwanza. Hakusema lolote kuhusu ile siku, ila alileta majogoo wawili. Nhien alikalishwa mbele, karibu na picha.

Chakula kiliwekwa. Baba mkubwa aliwasha vijiti vitatu vya ubani, akampa Luan.

Wanawake walitoka jikoni wakasimama mlangoni. Mkono wa kushoto ulishika. Wa kulia ulipanda. Kidole cha shahada kilijikunja, cha kati kikafuata, kisha cha pete. Kidole kidogo kilitetemeka, kikasimama. Bi Bay aliona taya la Luan likikaza. Kidole kikashuka, taratibu, kikalala juu ya wenzake.

Luan alivipandisha vijiti mpaka mbele ya paji la uso. Moshi ulinyooka juu. Aliinama mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, akavichomeka kwenye bakuli la mchanga mbele ya picha. Hakuna kilichodondoka.

Dao alijifuta macho kwa pindo la shati.

Bi Bay aliisogelea picha, akaisawazisha ingawa haikupinda. "Haya, baba Luan," alisema. "Sasa ule."

Kisha akawageukia wageni. "Na nyinyi mnangoja nini? Kuku anapoa."